Kibomba cha Mzee wa Ghorofa ya Tatu

Winnipeg, Manitoba
Januari

Shangazi, na nyote mliokaa barazani kusikiliza barua hii ikisomwa,

Nimepata habari kwamba picha yangu iliingia kwenye kundi la ukoo, mkono mmoja nimeshika kibomba cha chuma, mkono wa pili kiberiti cha gesi kinachotoa mwali wa bluu, na kwamba kabla ya adhana ya Isha kikao kilikuwa kimeshakaa. Nimeelezwa kuwa Baba Mdogo alifungua kwa dua, kwamba Mjomba wa Pongwe alipendekeza nirudishwe nyumbani kwa nauli ya kuchangiwa, na kwamba pendekezo hilo liliungwa mkono na wote mpaka ilipofika zamu ya kutaja nani anatoa ngapi. Hapo kikao kikaahirishwa. Nawashukuru kwa upendo huo.

Mashitaka yalikuwa mawili: kwamba nimeanza kuvuta, au nimeanza kuuza. Shangazi, mimi nimeanza kutengeneza. Mwanao ni fundi, na fundi akiletewa kitu kibovu hakiulizi kitu hicho dini yake.

Tuanze na sheria, maana ndiyo iliyowatoa jasho. Huku Kanada bangi ni halali kwa mtu mzima tangu tarehe 17 Oktoba 2018. Uruguay ilitangulia mwaka 2013, Kanada ikafuata. Inauzwa dukani, na duka lina leseni, lina kaunta, lina risiti, na kijana wa kaunta anakudai kitambulisho hata kama ndevu zako zimekuwa nyeupe zote. Hapa Manitoba umri ni miaka 19. Mtu anaruhusiwa kutembea na gramu 30 za majani makavu mfukoni. Kuvuka nayo mpaka, kwa kuingia au kutoka, ni kosa la jinai. Huko nyumbani nako ipo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, nayo haina mzaha hata kidogo. Kwa hiyo yule mjumbe wa kikao aliyeniandikia faraghani usiku ule ule, akiuliza bei ya kibomba na kama kinaweza kukaa ndani ya sanduku la nguo za mtoto, jibu ni hapana. Jina lake nalihifadhi, kwa sasa.

Sasa kisa chenyewe.

Mnajua kazi yangu ni kutunza jengo. Ghorofa nne, wapangaji wa kila kabila la dunia. Bomba likipasuka naitwa mimi. Lifti ikigoma, mimi. Panya akionekana na mama wa ghorofa ya kwanza, mimi, ingawa panya mwenyewe ameshahama. Na king'ora cha moshi kikilia, mimi ndiye ninayesimama mlangoni kuhesabu watu wakitoka. Huku king'ora kikilia hakuna kuchungulia dirishani ukasema "ah, ni jirani anakaanga samaki." Wote chini! Wazee, watoto, paka ndani ya vikapu, mtu na taulo lake, mnasimama barabarani kwenye nyuzi 27 chini ya sifuri mkisubiri gari la zimamoto. Baridi hiyo, Shangazi, pua inaganda kwa ndani. Ukipumua unasikia vinyweleo vya puani vikishikana.

Na majira haya ya baridi king'ora kikawa kinalia mara kwa mara, kikianzia sehemu ile ile: ghorofa ya tatu, chumba cha mzee mmoja mstaafu wa reli. Wazazi wake walitoka Ukraine, kama wazazi wa watu wengi wa mji huu, naye amemaliza ujana wake kwenye karakana za treni za Transcona. Magoti yamekwisha. Daktari anajua, duka linajua, jengo zima linajua kwamba jioni anatumia majani yake ili alale. Nilipopanda nilimkuta ameketi kwenye kiti chake, dirisha wazi, theluji inaingia sebuleni, chumba kimejaa wingu. Akanyoosha kidole kabla sijafungua mdomo.

"Sivuti moshi! Huu ni mvuke. Mkataba wangu unakataza moshi."

Alisema hivyo huku akikohoa ule mvuke, nao unanuka nyasi zilizoungua.

Nikaomba kukiona chombo. Nimesoma VETA, nimefungua pasi, majiko na redio za watu, sikuwahi kushika kitu kidogo namna ile chenye akili kiasi kile. Ni kibomba cha chuma kisichoshika kutu, urefu wa kalamu fupi. Hakina betri wala waya. Mbele kuna kichumba cha majani kinachobeba kama sehemu moja ya kumi ya gramu, chini yake wavu mdogo, nyuma yake mrija mwembamba ndani ya mrija mnene, na ubavuni kitundu cha hewa. Juu ya kichumba inakaa kofia ya chuma. Unawasha kiberiti cha gesi, unapasha kofia huku unakizungusha kibomba kwa vidole, na ikifika joto lake kofia inalia "tiki!" Unatoa moto, unavuta. Ikipoa inalia tena "tiki," kukuambia kwamba sasa unaweza kupasha upya.

Siri ya mlio huo imo ndani ya kofia: kibati chembamba cha metali mbili zilizogandanishwa. Moja hutanuka upesi kuliko mwenzake, basi joto likipanda kibati kinajipinda ghafla na kulia. Ni kanuni ile ile inayozima pasi ya umeme ya Mama Mkubwa isimuunguzie kanga, ingawa Mama Mkubwa anadai ni baraka za marehemu mumewe.

Kwa nini yote haya, si uwashe tu? Kwa sababu lengo ni majani yasiwake. Kilichomo ndani ya majani huanza kuwa mvuke kwenye nyuzi mia na sitini hivi na kuendelea mpaka karibu 220. Ukizidi nyuzi 230 hivi, majani yenyewe yanaanza kuungua, na hapo unapata moshi, lami, kikohozi na gari la zimamoto. Na mwali wa kile kiberiti unapita nyuzi 1,000. Yaani mtu ana moto wa kuyeyushia fedha ya sonara, naye anataka joto la kuokea mkate, kwa jani la uzito wa manyoya ya kuku.

Wewe Shangazi huhitaji kuelezwa zaidi, maana chetezo unakijua. Udi ukiuweka juu ya kaa jekundu lililo uchi, unawaka, na nyumba inanuka kuni. Ukisubiri kaa livae jivu kidogo, udi unatoa harufu yake taratibu mpaka nguo zimekolea, na kile kipande kinabaki kizima, kimekuwa cheusi tu. Mzee wa ghorofa ya tatu alikuwa anafukiza kwenye kaa lililo uchi, kila jioni, halafu analaumu udi.

Alilaumu na mengine. Alilaumu gesi kwamba ni ya bei rahisi, majani kwamba serikali imeyaharibu, chuma kwamba siku hizi hakuna chuma. Nilimwacha aseme. Nikakigeuza kichwa cha kibomba kwenye taa, na chenyewe kikajieleza: upande mmoja uling'aa, upande wa pili ulikuwa na rangi za dhahabu, zambarau na bluu. Chuma cha aina hiyo hubadilika rangi kinapopashwa kupita kiasi, na rangi ikikaa upande mmoja maana yake moto ulikaa upande mmoja. Nikamwaga majani kwenye kisahani. Nusu jivu, nusu bado kijani kibichi. Ingekuwa kazi nzuri yote yangekuwa kahawia sawasawa, rangi ya buni iliyokaangwa na mtu mwenye subira.

"Mzee, unakizungusha?"

"Nazungusha."

"Nizungushie nione."

Akawasha. Akakishika kibomba kama anavyoshika spana, akakielekeza kwenye moto kikakaa pale pale. Mimi nikasikia tiki. Yeye akaendelea. Nikasikia kofia inalia tena kwa sauti ya ajabu, yeye bado. Majani yakatoa moshi, ndipo akaondoa moto kwa kuridhika.

"Mzee, hukusikia tiki?"

"Nini?"

"TIKI!"

"Ahaa. Ile ilikufa zamani. Nilinunua kikiwa kinalia, kikaacha."

Shangazi, kofia ilikuwa nzima. Yaliyokufa ni masikio, miaka yote ile ya nyundo na mabehewa. Anavyo vifaa vya kusikia, vile vya kuweka sikioni, ila jioni anavivua kuhifadhi betri, kwa hoja kwamba akiwa peke yake hana mtu wa kumsikiliza. Kwa hiyo kila jioni kofia inampigia kelele aache, naye ametulia tu kwa amani. Nikamwambia avae. Akavaa, akapasha, kofia ikalia tiki, mzee akaruka kitini. Alikaa akiipasha na kuipoza mara kadhaa bila majani, kwa furaha ya kuisikia tu. Na kwa siku ambazo betri zitamshinda, nikamwonyesha kwamba mlio ule unahisika pia vidoleni, ukikishika kibomba kwa wepesi. Ukikishika kama spana hutahisi chochote.

Nikamfundisha na mahali pa kuweka moto. Ukiupiga karibu na ncha ya kofia, pale kibati kilipo, kibati kinapata joto kwanza na kinalia mapema, basi majani yanapata joto la upole. Ukiuteremsha kuelekea mdomo wa kofia, kichumba kinapata moto mwingi kabla kibati hakijashtuka, na mvuke unakuwa mzito na mkali. Yeye alikuwa anaupiga chini kabisa, halafu anapitiliza. Na kofia yenyewe haikukaa vizuri, kwa sababu ndani kulikuwa na ukoko wa masizi. Kofia ikipanda hata kidogo, kibati kinakuwa mbali na majani na kinachelewa kulia. Kuna na kosa la watu wenye haraka: kupasha tena kabla ya tiki ya kupoa. Hapo kibati bado kimejipinda, hakina cha kulia, unaunguza kwa ukimya.

Nikadhani nimemaliza. Mzee akavuta, mashavu yakaingia ndani mpaka nikaona umbo la meno. Hakuna kitu kinachopita.

Hewa ndiyo ilinichukua muda, na kusema kweli ndiyo sehemu iliyonipendeza. Watu wakiona kitu cha moto kina hitilafu wanaukimbilia moto, kwa kuwa moto unaonekana. Lakini joto linabebwa na hewa. Ukivuta ndipo hewa moto inapita katikati ya majani na kuyaivisha yale ya ndani. Hewa isipopita, ya pembeni yanaungua na ya katikati yanabaki mabichi. Kwa hiyo lile jivu na ule ukijani kwenye kisahani havikuwa kazi ya mkono wake peke yake.

Nikavua kofia, nikamwaga kila kitu, nikavuta hewa kwenye kibomba kitupu. Hivyo ndivyo unavyotenganisha: kikipitisha hewa kitupu, lawama ni ya ujazaji; kikigoma kitupu, lawama ni ya bomba. Kiligoma. Nikachomoa mrija wa ndani. Ulitoka kwa shida, umevaa utomvu mweusi unaonata kama ule wa fenesi, tena koti zima. Wavu ulikuwa hauna tundu hata moja. Mzee anasaga majani mpaka yanakuwa ugoro, na unga ule unapenya kwenye wavu, unakutana na utomvu, unakuwa saruji. Halafu anashindilia kwa bisibisi. Bisibisi, Shangazi! Nilimuuliza anashindilia ya nini, akasema kwenye reli kitu kisichokazwa kinaua watu.

Dawa yake ni spiriti ya kusafishia, ile kali ya asilimia 99. Nikaloweka vyuma, nikasugua kwa pamba ya masikio, nikasuuza kwa maji moto, nikaviacha vikauke kabisa dirishani huku kiberiti nimekifungia jikoni, kwa kuwa spiriti na mwali havikai chumba kimoja. Zile ringi ndogo za mpira sikuziloweka. Nilizifuta, nikazipaka nta kidogo, maana zikikauka zinapasuka na hewa inaibwa pembeni, unavuta kwa raha na hupati chochote.

Na kitundu cha ubavuni? Kile ndicho kidhibiti. Ukikiacha wazi, hewa baridi inaingia na kuchanganyika, mvuto unakuwa mwepesi na mvuke hafifu. Ukikiziba, hewa yote inapita kwenye majani, mvuke unakuwa mzito na moto. Unatakiwa uchezeshe kidole juu yake polepole, kama mpiga zumari. Mzee alikuwa anavaa glavu za theluji, kwa sababu ya dirisha lililo wazi, na dole gumba lake la glavu lilifunika kitundu chote bila yeye kujua kwamba kipo. Nilipomwonyesha alikitazama sana. "Nilidhani ni alama ya kiwandani," akasema.

Kabla ya kumrudishia nilitaka kukijaribu, na mimi kama mnavyojua situmii majani yale. Nikapasua mfuko wa chai ya mnanaa, nikajaza kichumba nusu, bila kushindilia, nikapasha kwa kuzungusha, tiki, nikavuta. Mapafu yangu yakapata habari ya pipi ya kikohozi. Kikatoka kiwingu chembamba, cheupe, kisichonuka kuungua, na mnanaa kwenye kisahani ukawa kahawia sawia pande zote. King'ora kimya. Mjukuu wa mzee alikuwa amepiga picha pale nilipokuwa napasha. Hiyo ndiyo mliyoiona, ni mnanaa. Ilivyosafiri mpaka Tanga muulizeni binamu yetu wa Toronto, ambaye hajawahi kusambaza picha yangu nikiwa nasali.

Likabaki suala la dirisha. Mzee, kwa kuwa sasa ni raia mwema, aliamua atumie kibarazani nje. Akatoka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri na kiberiti chake, akabonyeza, akabonyeza, hakuna. Akarudi ndani akitukana kiberiti kwa Kiukraine. Lakini kiberiti hakina kosa: gesi ya butani hugeuka kutoka maji kuwa hewa kwenye karibu nyuzi sifuri, nusu nyuzi chini yake. Kwenye baridi zaidi ya hapo inakaa ndani ya tangi lake kama maji ya mtungini, haina sababu ya kutoka. Mzee akapendekeza tuchukue tochi ya mafundi bomba, ya propani, kwa kuwa propani huvumilia mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Hilo ni kweli, na nilimkatalia. Mwali wa tochi ile ni mpana kuliko kibomba chote; kofia ingeunguzwa kabla kibati hakijafikiria. Tulichokubaliana ni kwamba kiberiti kinakaa kwapani ndani ya koti, anapasha ndani ya mlango, mgongo kwenye upepo, tiki, anatoka nje kuvuta. Majirani wa ng'ambo wanamwona kila jioni akitoka ameinua kiwiko kama kuku aliyevunjika bawa. Hawaulizi. Huku watu hawaulizi.

Tangu hapo king'ora hakijalia kwa sababu yake. Amenilipa perogi, ni vipande vya unga vilivyojazwa viazi na jibini vikachemshwa, vingi kiasi kwamba friji yangu haifungi. Naye ametangaza. Sasa napata wagonjwa: dada wa chumba cha pembeni na kikausha nywele kinachojizima, bwana mmoja na hita yenye harufu, wote wanaanza na "moto wake una shida," nami nafungua nyuma nakuta manyoya ya paka yamezuia hewa kuingia.

Nakatiza hapa kwa sababu mlango unagongwa. Ni mama wa ghorofa ya pili, anasema mashine yake ya kukaushia nguo inachemka mpaka haigusiki, nguo zinatoka mbichi. Nimemwambia aizime. Lile bomba linalotoa hewa ya mashine kwenda nje liko upande wa kaskazini wa jengo, na usiku wa jana ulikuwa wa barafu. Nadhani kifuniko chake kimeganda kikafunga, kama hakijajaa vumbi la nguo. Nachukua ngazi, bisibisi na birika la maji moto. Msalimieni Bibi, na mwambieni Mjomba wa Pongwe kama mchango wa nauli ulishaanza, uje huku, ngazi yangu imekatika kidato.

Mwanao,
fundi